Roketi ya Vero Haisubiri Mtu

Ndugu zangu wa jumuiya, na wengine wote mnaonizuia mlangoni mwa kanisa kila Jumapili kuniuliza ilikuwaje, nimeamua kuandika. Kwanza nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama. Pili, jirani yangu Mzee Hamisi, mchonga vinyago, ameshaisimulia safari hii pale kwenye kibanda cha kinyozi, na katika masimulizi yake mimi nimelia mara tatu. Nililia mara moja tu, na nitawaonyesha ni wapi.

Kwa asiyetufahamu: mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa Masasi, na naishi Mbezi Luis nyuma ya kituo cha mabasi pamoja na mke wangu, Mama Vero. Vero ni binti yetu wa pekee. Anafundisha chuo cha ufundi, na kwa miaka miwili yeye na wanafunzi wake walikuwa wakitengeneza roketi. Si ile ya kupeleka watu mwezini. Ni bomba la alumini lenye urefu wa mtoto wa darasa la sita, lina mapezi manne chini na pua ya plastiki juu, na kazi yake ni kupanda, kupima joto la hewa, kufungua mwavuli na kushuka. Waliruhusiwa kuirushia Kimbiji, upande wa pwani, mahali ambapo ikienda vibaya itaangukia baharini.

Sasa lazima niseme jambo ambalo mnalijua. Nina sifa ya kuchelewa. Sichelewi kwa uvivu. Naamka mapema kuliko wengi wenu. Tatizo ni kwamba nikitoka nyumbani nakutana na watu. Nimefundisha maisha yangu yote, na siwezi kumpita mtu niliyemfundisha kama napita nguzo ya umeme. Msiba ndio siwezi kuupita kabisa. Mama yangu alinilea hivyo: ukiona turubai na watu wamekaa, unashuka, unatoa pole, unakaa kidogo, ndipo unaendelea na shughuli zako.

Kwa desturi hiyo nimekosa mambo. Mahafali ya Vero ya kidato cha sita nilifika viti vinapangwa juu ya viti. Siku aliyohitimu chuo kikuu nilipitia msibani Kimara kwa dakika tano, nikafika ameshalirudisha joho la kuazima. Picha ya siku ile ipo sebuleni kwangu, mmeiona. Mimi nimevaa suti, binti amevaa gauni la kila siku, na wote wawili tunatazama mbele kama watu wanaosubiri basi. Hakusema neno. Ningeshukuru kama angesema.

Safari hii alisema. Alinipigia simu wiki mbili kabla.

"Baba, ni Jumamosi, saa nne asubuhi kamili. Si saa nne ya kwenye kadi ya harusi. Anga tumefungiwa ndege zisipite kwa dakika ishirini tu, zikiisha hakuna ruhusa nyingine. Haitamsubiri mtu, hata mgeni rasmi."

Nikamwambia nimeelewa. Akaongeza:

"Ukikosa na hii, baba, sitakualika tena kwenye jambo langu. Si kwa hasira. Nitakuwa nimechoka tu."

Nililala vibaya siku ile.

Mbezi Luis

Tulikuwa wanne: mimi, Mama Vero, Mzee Hamisi, na Side, kijana mwenye Noah anayetubebaga kwenye harusi na mazishi. Niliwaambia wote wafike saa kumi na moja alfajiri ili tuondoke saa kumi na mbili. Mnajua hesabu zetu. Shughuli ya saa nane unaiandika saa sita, na mwalikwa, kwa kuwa naye anaijua hesabu hiyo, anafika saa kumi.

Cha ajabu, saa kumi na mbili kasorobo wote walikuwepo. Side alikuwa ameshaosha gari. Mzee Hamisi alikuwa amekaa kiti cha nyuma na furushi kubwa lililofungwa kwa kanga, amelikumbatia. Mama Vero alikuwa kiti cha kati, ameweka hotpoti la pilau miguuni, ungo mapajani, na anachagua mchele wa kesho.

Aliyekosekana nilikuwa mimi. Jirani yetu Mama Anita alikuwa anasafiri kwenda Morogoro asubuhi hiyohiyo, ana begi na kuku wawili kwenye tenga, na hakuwa na wa kumbebea hadi kituoni. Nilihesabu dakika kumi kwenda na kurudi. Sikuhesabu kwamba kituoni wakata tiketi watatu ni wanafunzi wangu, na mmoja wao amepata mapacha. Niliporudi ilikuwa saa moja na robo.

Nilijiandaa kusemwa. Mama Vero hakusema kitu. Alipuliza makapi, akasogea ili nipite. Mke wangu amenisema kwa kuchelewa tangu siku ya posa, na ukimya ule ulipaswa kunishtua. Nilidhani ni huruma.

Barabara ya Mandela

Kutoka Mbezi hadi Ubungo tulikwenda vizuri. Baada ya hapo tuliingia Barabara ya Mandela, na kuanzia hapo sina cha kusimulia kwa sababu mambo hayakubadilika. Kwa karibu saa nzima nilitazama mgongo wa lori moja la saruji. Naweza kuwachorea mgongo ule.

Nilimwomba Side aongeze mwendo. Side ni mtu mpole. Akaniambia, "Mwalimu, niongeze nimpande nani? Tulia mzee wangu, sie tunafika tu. Hii mie nilikuwaga napita kila siku, ikifika Tazara inaachia."

Tazara haikuachia. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Mzee Hamisi, kwa nia ya kunituliza, alifungua furushi lake. Yeye ni Mmakonde wa Newala, na amechonga tangu hajaota ndevu, ila hakuwa amewahi kuiona roketi. Vero alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Akachukua gogo la mpingo, akachonga roketi yenye urefu wa mkono, na pembeni yake, kuanzia kwenye mapezi hadi kwenye pua, akaweka watu. Wamepandana mabegani, mmoja amemshika mwenzake mguu, bibi mmoja amebeba mtungi, na wa juu kabisa ameikumbatia ncha.

Nikamuuliza hawa ni nani. Akasema ni watu.

Nikamwambia roketi ya Vero haibebi watu, inabeba kipimajoto. Alinitazama kwa muda kama mtu anayefikiria kama inafaa kunijibu. Kisha akasema kitu hakiwezi kupanda juu hivihivi bila watu kukishika, akaifunga roketi yake tena kwa kanga. Mama Vero akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa natazama saa.

Temeke

Kukwepa foleni, Side alikata kona kuingia Temeke mitaa ya ndani. Alijua njia ya kupita nyuma ya shule moja na kutokea karibu na Kurasini. Tulikwenda dakika kumi nzima bila kusimama, nikaanza kuamini.

Ndipo tukakuta turubai.

Lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ng'ambo ya barabara, limeacha upenyo wa gari moja. Viti vya plastiki, wanaume wamekaa, wanawake ndani kwenye mikeka. Ilibidi Side apite taratibu sana, kiasi kwamba ungeweza kumsalimia kila mtu kwa jina. Nikaitazama nyumba. Ilikuwa ya Mwalimu Mponda.

Mponda na mimi tulitumia meza moja ofisini kwa miaka kumi na mmoja. Mama yake alikuwa anaumwa tangu Kwaresima, na mara ya mwisho nilipomtembelea bibi yule aliniita mwanangu. Mponda alikuwa amekaa kiti cha mwanzo kabisa, kofia ya kiua kichwani, mikono magotini. Aliinua uso, akaniona.

Gari lilikuwa linatambaa. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango.

"Shuka utoe pole," akasema Mama Vero. "Muda upo."

Nikamtazama. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Nikajua kabisa kitakachotokea nikishuka, kwa sababu kimetokea kila mara. Nitatoa pole, nitauliza alifariki saa ngapi, mtu atanivutia kiti, nitaletewa maji, na Vero atasimama Kimbiji akitazama barabarani.

"Hakuna muda," nikasema. "Side, twende."

Nilimpungia Mponda mkono. Mtu amefiwa na mama yake, nami nimempungia mkono dirishani kama nakwenda matembezi. Naye akainua mkono, akaniangalia mpaka tukapita. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mama Vero aliacha kuchagua mchele.

Kurasini

Tulitokea Kurasini tukaangukia kwenye malori. Mnaijua Kurasini. Kila geti lina yadi ya makontena, na kila yadi ina lori linaloingia kinyumenyume. Mbele yetu lori moja lilikuwa linajaribu kuingia geti lililojengwa kwa ajili ya lori dogo zaidi. Wakala mmoja wa forodha mwenye faili kwapani alikuwa anaelekeza kushoto, mwingine anaelekeza kulia, na dereva, kwa heshima, alikuwa anawatii wote wawili.

Nilishuka nikaenda kuwaomba watupishe. Nilieleza kwamba binti yangu anarusha roketi saa nne. Wakala mwenye faili alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza roketi hiyo imeshalipiwa ushuru au bado. Nikamwambia haijatoka nje, imetengenezwa hapahapa. Akasema basi sina haja ya wakala, na akaniombea safari njema. Nikarudi kwenye gari.

Saa nne kasoro dakika tano simu ikaita. Alikuwa Mama Anita. Amefika Morogoro salama, kuku wazima, ameshakunywa chai, na alitaka kujua kama roketi tayari imepaa. Nikamwambia bado tupo njiani. Akauliza tupo njiani wapi. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Saa nne ikafika. Nilitoa kichwa dirishani nikatazama anga la upande wa Kigamboni. Kulikuwa na mawingu mawili na kunguru. Nilijua huwezi kuona kitu cha alumini chenye urefu wa mtoto kutoka umbali ule, nimefundisha jiografia, lakini nilitazama dakika ishirini zote mpaka zikaisha. Nilimpigia Vero, simu imezimwa. Nikaandika ujumbe: *Vero, saa nne imefika. Niko Kurasini. Nisamehe mwanangu.*

Hapa ndipo nililia. Mzee Hamisi anasema nilipiga kwikwi. Si kweli. Machozi yalitoka, nikayafuta na leso, na yakaisha kabla lori halijaingia getini.

Nikawaambia tugeuze tu. Mama Vero alimgeukia Mzee Hamisi, wakatazamana. Mzee Hamisi akatikisa kichwa kidogo. Mama Vero akafungua mfuko, akanipa chapati.

"Kula, Baba Vero. Pilau hili nimewapikia watoto wa watu. Tunakwenda."

Nikaila. Nilimwona mke wangu kuwa ni mtu mwenye moyo wa jiwe, na naomba radhi kwa wazo hilo.

Kibada

Daraja la Kigamboni tulilipita saa tano kasoro. Upepo ulikuwa mzuri, watu wengine ndani ya gari walikuwa wachangamfu kupita kiasi. Side aliweka muziki wa singeli, akaniuliza kama inanikera, nikamwambia hakuna tena cha kunikera.

Kibada wakataka kusimama. Mama Vero alisema kuna mama mmoja pale anachoma mihogo vizuri kuliko wote wa upande huu wa bahari. Wakashuka wote watatu wakala mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili, wakanywa madafu, na Mzee Hamisi akaanza ubishi na muuza madafu kuhusu minazi ya Mtwara na ya hapa. Muuza madafu akasema minazi ya Mtwara ni mirefu kwa sababu haina kazi. Mzee Hamisi akasema hata yeye muuza madafu ni mrefu. Nilikaa ndani ya gari. Baadaye Mama Vero aliniletea kipande cha muhogo kwenye gazeti, akasimama dirishani mpaka nikakimaliza.

Nikamuuliza kama hana uchungu hata kidogo. Akasema anao, ila si wa saa hii. Sikumwelewa.

Baada ya Kibada lami ikaendelea kidogo, kisha ikatuacha. Barabara ya Kimbiji ina mchanga mahali inapopanda na maji mahali inaposhuka. Kwenye njia panda tukapunguza mwendo kuuliza, na kabla sijamaliza swali mlango wa nyuma ulifunguka na mwanamume mwenye shati la kijani akaingia, akakaa karibu na Mzee Hamisi, akasema twende.

Tulimshukuru. Tulikwenda kushoto, kulia, tukapita shamba la mikorosho, na akamwambia Side asimame. Hapakuwa na roketi. Palikuwa na vigingi vinne vya saruji na kichaka.

"Hiki hapa," akasema. "Futi mia kwa themanini. Hati inafuatiliwa."

Alikuwa dalali wa viwanja. Kwake yeye, watu wazima wanne waliovaa viatu ndani ya Noah siku ya Jumamosi wamekuja kununua kiwanja, na hajawahi kukosea. Nikamweleza kwamba tunatafuta mahali pa roketi. Akafikiri, akasema basi hiki ndicho kinatufaa zaidi, maana kipo jirani na roketi, na roketi ikishapaa bei ya eneo lote itapaa nayo.

Mama Vero alishuka akakiangalia. Aliuliza kuhusu maji. Nilikuwa nimeshakata tamaa kiasi kwamba na mimi nilishuka nikashika kigingi.

Kimbiji

Kuhusu ujirani dalali hakudanganya. Ng'ambo ya mikorosho tuliona kamba za rangi nyekundu na nyeupe, mahema mawili, vijana waliovaa fulana za njano, na wanakijiji wamekaa mchangani na watoto wao. Katikati ya uwanja, mbali na watu, kulikuwa na mlingoti wa chuma. Kwenye mlingoti ule roketi ilikuwa imesimama.

Nilitazama saa yangu. Saa sita na dakika ishirini na tano. Nikaitingisha.

Vero alikuwa anakuja kwa miguu kutupokea, ana kizibao cha kung'aa na kalamu nyuma ya sikio. Akampa Mzee Hamisi shikamoo, akampa mama yake, kisha akasimama mbele yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Imeharibika?"

"Hapana."

"Mbona ipo?"

Akatazama chini. "Inaruka saa saba, baba. Ilikuwa saa saba tangu mwanzo. Watu wote niliwaambia saa saba. Wewe peke yako nilikwambia saa nne."

Nikageuka. Mama Vero alikuwa anahangaika na mfuniko wa hotpoti. Mzee Hamisi alikuwa anaangalia bahari. Side alikuwa amekumbuka kwamba tairi linahitaji kukaguliwa.

Wote walijua. Mwaka mzima ningeweza kukasirika kwa hilo. Nilimuuliza mke wangu iliwezekanaje akaniona Kurasini vile na asiniambie.

"Ningekwambia, ungeshuka ukawasalimia madereva wa malori wote mpaka bandarini," akasema. Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini Temeke nilitaka kukwambia. Nilijaribu."

Vero akauliza kuna nini Temeke.

"Mama yake Mwalimu Mponda amefariki," akasema Mama Vero. "Tumepita mlangoni pao, turubai limefungwa, Mponda mwenyewe amekaa pale. Baba yako hakushuka."

"Hakushuka?"

"Alipunga mkono. Akamwambia Side twende."

Vero aliniangalia kama ndiyo kwanza ananiona. Mnanijua tangu zamani, hivyo nadhani mnaelewa alichokisikia. Angeambiwa nimetembea kwa miguu kutoka Mbezi asingeshangaa vile. Akatoa simu mfukoni, akanionyesha ujumbe wangu wa saa nne.

"Niliusoma," akasema. "Nikashindwa kuujibu. Nikazima simu tena. Nisamehe na wewe, baba."

Nikamwambia hakuna cha kusamehe, hesabu yake ilikuwa sahihi. Angeniambia saa saba ningefika saa kumi. Nilisema hivyo bila utani. Mtu kufahamika kiasi kile na mwanawe inauma, na nilisimama pale nikiwa na furaha na maumivu kwa pamoja, mchanga umejaa kwenye viatu.

Saa saba kasoro dakika tano walitusogeza nyuma ya kamba. Mgeni rasmi hakuwa amefika. Kiti chake chenye kitambaa cheupe kilikuwa kitupu, na mkuu wa itifaki alimfuata Vero, akamwomba wasubiri kidogo, gari lake limeshapita Kibada. Vero akamwambia ruhusa ya anga haisubiri. Yule bwana akasema lakini ni mgeni rasmi. Vero akasema anajua, akaenda mezani kwake.

Saa saba kamili wanafunzi wakaanza kuhesabu kurudi nyuma kuanzia kumi, na kijiji kizima kikadakia. Walipofika sifuri kukawa kimya. Nikaona moshi chini ya mapezi, kisha ukaja mlio kama turubai zito linachanwa, na roketi haikuwepo tena. Sijui namna nyingine ya kusema. Ilikuwa pale, na halafu kulikuwa na mstari mweupe uliokwenda juu mpaka shingo yangu ikauma. Nikaipata tena kwa sababu ilimeta mara moja, mbali sana. Nilihesabu. Kutoka ardhini hadi kumeta ilikuwa sekunde tisa.

Kisha mwavuli wa rangi ya chungwa ukafunguka, na watoto wote wakakimbilia ufukweni.

Nimekosa mambo ya binti yangu kwa saa nyingi sana, ukizijumlisha. Sekunde tisa hizi nilikuwepo. Nilipomtafuta kwa macho alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anacheka, na mama yake anapiga vigelegele peke yake mpaka wanawake wa Kimbiji wakamsaidia.

Mgeni rasmi alifika saa saba na dakika kumi na mbili, magari manne, taa zinawaka. Alikuta mlingoti. Alitoa hotuba nzuri akiuelekea mlingoti huo, akasema ameguswa na alichokiona. Wakati wa picha ukafika, na roketi ilikuwa bado ipo mtumbwini na wavuvi walioiopoa. Mzee Hamisi akafungua kanga yake. Hivyo picha mliyoiona, ya mheshimiwa ameshika roketi nyeusi yenye bibi na mtungi, ndiyo hiyo. Mzee Hamisi ameniomba niandike kwamba katika picha ile roketi imeshikwa na watu, kama alivyosema.

Tulikula pilau, na mama mmoja wa pale akatuletea changu wa kukaanga na ndimu. Dalali alikula nasi. Mama Vero ana namba yake ya simu, na sijauliza kwa nini.

Kurudi

Vero alirudi nasi. Aliketi kati ya mama yake na mimi. Tulipita darajani, na Kurasini lori letu lilikuwa limeshaingia getini, sijui kwa njia gani.

Sikumwambia Side kitu. Alikata kona ya Temeke mwenyewe.

Walikuwa wameshazika. Viti vingi vilikuwa vitupu, na Mponda alikuwa amekaa palepale. Nilishuka, nikamshika mkono, nikampa pole. Hakuuachia mkono wangu.

"Nilikuona asubuhi," akasema. "Nikamwambia ndugu yangu, huyu akipita bila kushuka ana mgonjwa ndani ya gari, na hali ni mbaya. Nimekuombea, Mwalimu. Amepona?"

Ningeweza kudanganya. Mtu amefiwa, ameniombea dua siku ya kumzika mama yake.

"Hakukuwa na mgonjwa," nikamwambia. "Nilikuwa namuwahi Vero. Amerusha roketi."

Mponda alinitazama usoni. Mwalimu yule ndiye aliyenishikia darasa siku Vero alipozaliwa, na nadhani ndiye mtu mwingine aliyejua hesabu zangu zote. Akamtazama Vero, aliyekuwa anavua viatu aende kwa akina mama ndani.

"Uliiwahi?"

"Niliiwahi."

Akavuta kiti kilichokuwa karibu yake, akakifuta kwa kiganja. "Basi kaa," akasema. "Mama angefurahi kusikia. Nisimulie."

Nikakaa. Nilimsimulia yote, kuanzia kuku wa Mama Anita. Alicheka mara mbili, na mara ya pili alifuta macho. Nilikaa mpaka Side alipokuja kuniambia kwamba wanawake wameshaaga na wapo garini wananisubiri.

Tulipokaribia Ubungo Vero akasema roketi ya pili, kubwa zaidi, itakuwa mwezi wa kumi na moja, Kimbiji palepale. Saa tatu asubuhi.

Nikamuuliza, "Hiyo saa tatu ni ya watu au ni yangu?"

Alifikiri mpaka tukapita taa.

"Ya watu, baba," akasema.

"Mwambie saa kumi na mbili," akasema Mama Vero, macho amefumba.

Kesho yake niliandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, saa tatu. Jioni nilimwona Mama Vero amesimama mbele ya kalenda ileile na kalamu mkononi. Sijakwenda kuangalia alichofanya.